Wanga au mafuta: kuzilisha mitokondria kabla ya mechi, kabla ya bahari na wakati wa daku

Vijana wanaocheza mpira jioni hapa Tanga wamegawanyika. Wapo wanaoshindilia wali mchana, kisha wakaramba glukosi ya unga dakika chache kabla ya kuingia uwanjani. Na wapo waliosikia, mara nyingi kupitia simu zao, kwamba wanga ni adui: achana na wali, bada (ugali wa muhogo) na chapati, kula mayai, parachichi, karanga na tui zito, mwili utazoea kuchoma mafuta na hutachoka tena. Wavuvi wa Sahare na Deep Sea wana swali hilohilo kwa namna yao, na mwezi wa Ramadhani ukikaribia linaingia jikoni, kwa wanaopanga daku.

Nafundisha baiolojia, na swali hili nalichukulia kwa uzito, maana kijana aliyekosea chakula chake huishiwa nguvu kipindi cha pili akaambiwa ni mvivu. Jibu limo ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Nalisema mapema, halafu nitaeleza sababu: kazi ikiwa ya kasi hata oksijeni ikawa ndiyo inayobana, chagua wanga. Kazi ikiwa ya taratibu na ndefu hata akiba ikawa ndiyo inayobana, tegemea mafuta, na mara nyingi hayo huhitaji kuyala, tayari unayo.

Mahali vinapokutana

Msuli hautumii wali, wala hautumii nazi. Unatumia ATP, molekuli ndogo yenye fosfeti tatu. ATP inapogeuka kuwa ADP na fosfeti moja iliyo huru, nishati inatoka, na nishati hiyo ndiyo inayokunja msuli, inayopeleka taarifa kwenye neva na inayosukuma chumvi ndani na nje ya seli. Mwilini haipo nyingi. Iliyomo kwenye misuli inatosha sekunde chache za kukimbia kwa nguvu zote. Kwa hiyo kazi haisimami: mtu mzima hutengeneza na kuvunja, kwa siku moja, ATP ambayo uzito wake wote ukijumlishwa unakaribia uzito wa mwili wake, ingawa kwa wakati mmoja hana hata robo kilo yake.

Wanga na mafuta, kila kimoja kwa njia yake, huishia kwenye kipande kilekile: asetili, chenye kaboni mbili, kikiwa kimeshikizwa kwenye koenzaimu A, molekuli inayokibeba. Kipande hicho huingia katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. Humo kaboni zake hutoka kama kaboni dayoksaidi, ile hewa unayoitoa puani, na haidrojeni zake huchukuliwa na wabebaji wawili, NAD na FAD, mpaka kwenye utando wa ndani wa mitokondria.

Utando huo umekunjwakunjwa ili eneo lake liwe kubwa. Elektroni za haidrojeni hupitishwa humo hatua kwa hatua, na kila zinaposhuka ngazi, nishati yake husukuma protoni (haidrojeni zilizopokonywa elektroni) kwenda upande wa pili. Mwisho wa safari kuna oksijeni, ambayo hupokea elektroni pamoja na protoni na kuwa maji. Hiyo ndiyo kazi ya hewa yote tunayoivuta. Mwaka 1961 Peter Mitchell alitoa wazo kwamba protoni zilizorundikwa ndizo nishati yenyewe, ikiwa imehifadhiwa. Wenzake wengi walimkatalia kwa miaka, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Mkoa wetu una mfano mzuri wa jambo hili: maji ya mto Pangani hukingwa, kisha huachiwa yashuke yakizungusha mitambo ya Hale na ya Pangani, umeme ukapatikana. Protoni nazo hurudi ndani kwa kupitia kimeng'enya kiitwacho ATP sinthesi, nacho huzunguka kwelikweli, na kuzunguka huko ndiko kunakounganisha ADP na fosfeti. Paul Boyer na John Walker walipata Nobel mwaka 1997 kwa kutuonyesha namna kinavyofanya kazi.

Ukifika hapo, mitokondria haijui tena elektroni ilitoka kwenye wali au kwenye tui lililoupikia. Tofauti zote ziko kabla ya hapo, mlangoni.

Mahali vinapoachana

Wali ukishameng'enywa huwa glukosi, yenye kaboni sita. Glukosi hukatwa vipande viwili nje ya mitokondria, katika maji ya seli, na kazi hiyo hutoa faida ya ATP mbili bila kuhitaji hata chembe ya oksijeni. Vipande hivyo, piruveti, huingia ndani ya mitokondria na kufanywa asetili. Njia ni fupi, na inaweza kuharakishwa sana mahitaji yakipanda.

Mafuta yana safari ndefu zaidi. Kwanza yatolewe kwenye akiba yake, yapelekwe na damu, yaingie kwenye msuli, yashikizwe kwenye koenzaimu A kwa gharama ya ATP mbili, kisha asidi ndefu za mafuta zivushwe utando wa ndani kwa msaada wa kanitini, molekuli inayozibeba, maana zenyewe hazipiti. Zikishaingia ndipo hukatwa kaboni mbilimbili, kama Franz Knoop alivyogundua mwaka 1904. Asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, hukatwa mara saba kupata asetili nane. Mavuno ni makubwa, lakini hayaji kwa haraka: kwa dakika moja, mafuta huweza kuupa msuli takriban nusu tu ya ATP ambayo wanga huweza kuupa.

| | Wanga | Mafuta |
|---|---|---|
| Nishati kwa gramu | kilokalori 4 hivi | kilokalori 9 hivi |
| ATP kwa molekuli | glukosi: 30 hadi 32 | asidi ya palmitiki: 106 hivi |
| Oksijeni inayotumika kwa molekuli | 6 | 23 |
| Nishati kwa lita moja ya oksijeni | kilokalori 5.05 hivi | kilokalori 4.69 hivi |
| Pasipo oksijeni | ATP 2 | hakuna |
| Akiba mwilini | gramu 500 hivi | kilo kadhaa, hata kwa mwembamba |

Mwanafunzi aliyezoea kuandika 38 kwa glukosi asishangae. Hesabu hiyo ya zamani ilidhani kila NADH, yaani NAD iliyobeba haidrojeni, inatoa ATP tatu kamili. Vipimo vya baadaye vilionyesha ni kama mbili na nusu, na FADH2 (FAD iliyobeba haidrojeni) ni kama moja na nusu, kwa sababu sehemu ya protoni hutumika kusafirisha vitu kupita kwenye utando.

Namba ya 106 ndiyo inayowavutia wanaohubiri mafuta, na kwa kweli inavutia. Lakini isomwe pamoja na mstari unaofuata. Palmitiki inakula oksijeni 23 ili kutoa hizo 106. Gawanya, utapata 4.6 kwa kila oksijeni. Kwa glukosi ni 5 au zaidi kidogo. Sababu iko kwa wale wabebaji. Glukosi moja hujaza NADH 10 na FADH2 mbili tu. Palmitiki hujaza NADH 31 na FADH2 15. FADH2 huingiza elektroni zake mbele kidogo ya mlango wa kwanza, kwa hiyo husukuma protoni chache zaidi kwa oksijeni ileile. Kwa mtu aliyekaa barazani tofauti ya asilimia saba haina maana. Kwa anayekimbiza mpira huku mapafu yamefika mwisho, ina maana kubwa.

Neno kuhusu nazi, kwa kuwa hapa pwani hatuachani nayo. Inasemekana mafuta yake huingia mitokondria moja kwa moja bila kanitini, hivyo ni ya haraka kama sukari. Hilo ni kweli kwa asidi fupi zake, zenye kaboni 8 na 10, nazo ni sehemu ndogo ya mafuta ya nazi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo kwa sehemu kubwa husafirishwa mwilini kama mafuta marefu. Tui ni tamu na ni chakula, ila lisihesabiwe kuwa mbadala wa wanga kabla ya mechi.

Mechi ya saa kumi jioni

Hapa sina shaka: wanga. Mechi ya dakika 90 si mwendo mmoja. Ni kutembea, kukimbia taratibu, kisha ghafla mbio za sekunde chache zinazorudiwa tena na tena. Katika mbio hizo oksijeni haifiki kwa wakati, na msuli hutegemea ATP mbili za harakaharaka kutoka kwenye glukosi, ukiigeuza piruveti kuwa lakteti. Lakteti hiyo si taka. Moyo na misuli iliyopumzika huirudisha kuwa piruveti na kuichoma katika mitokondria zao. Mafuta hayana njia yoyote ya kushiriki katika sekunde hizo. Kadiri kasi inavyopanda, hata pale oksijeni inapotosha, msuli huegemea zaidi glikojeni yake, yaani glukosi uliyoiweka akiba.

Ushahidi wa wazi nilioupenda siku zote ni wa mwaka 1967, wa Jonas Bergström na wenzake kule Sweden. Waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya maabara, kwa kasi kubwa ileile, baada ya kula vyakula tofauti kwa siku chache. Waliokula mchanganyiko wa kawaida walidumu kwa wastani dakika 114 hivi. Walipokula mafuta na protini bila wanga walidumu dakika 57. Walipokula wanga kwa wingi walidumu dakika 167. Watu ni walewale na baiskeli ni ileile. Kilichobadilika ni glikojeni iliyokuwa kwenye mapaja yao.

Mtu anaweza kujibu kwamba siku chache hazitoshi mwili kuzoea mafuta. Hoja hiyo ni ya haki, na imejaribiwa. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake, Australia, walichapisha utafiti juu ya wanariadha wa kutembea kwa kasi, wa kiwango cha dunia, waliolishwa mafuta mengi na wanga kidogo kwa wiki tatu huku wakifanya mazoezi makali. Miili yao ilizoea kweli, ikachoma mafuta kwa kiwango kikubwa sana. Lakini ilihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na hawakupata nafuu ya muda katika mashindano, wakati wenzao waliokula wanga walipata. Ni hesabu ileile ya jedwali, safari hii ikiwa miguuni mwa watu.

Kwa hiyo kijana wa kilo 60 anayecheza saa kumi ale kati ya saa sita na saa saba mchana. Mwongozo unaotumika kwa wanamichezo ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, saa moja hadi nne kabla. Tukishika gramu 2, ni gramu 120 za wanga, ambazo ni kama gramu 430 za wali uliopikwa: sahani iliyojaa, si mlima. Bada inafaa, ugali unafaa, viazi vitamu vinafaa. Samaki awepo, tui liwe jepesi, na vya kukaanga visubiri, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni na mchezaji huingia uwanjani tumbo likiwa zito. Mapumziko ale ndizi mbivu au tende chache, anywe maji. Kwa jua la Tanga maji yana haki yake mwenyewe, lakini hilo ni somo jingine.

Na glukosi ya unga? Kwa aliyekula vizuri mchana haina kubwa la kuongeza. Baadhi ya watu wakiilamba nusu saa kabla, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hupanda na sukari hiyo hushuka kidogo mchezo unapoanza, wakahisi kulegea. Ikitumika, itumike ukiwa tayari unacheza, ikiwa imekorogwa kwenye maji.

Usiku wa kuvua dagaa

Huku mambo hubadilika. Chombo hutoka jua likizama na kurudi alfajiri. Sehemu kubwa ya saa hizo mtu ameketi, anaangalia taa, anapiga kasia taratibu au anasubiri. Kwa kazi ya namna hiyo oksijeni ni tele na mitokondria huchoma mafuta kwa raha. Akiba ndiyo inayotofautisha: glikojeni yote ya ini na misuli ni kama kilokalori 2,000, wakati mtu mwenye kilo 10 tu za mafuta mwilini amebeba kilokalori 90,000. Hapo mafuta yanashinda wazi.

Lakini wavu hauvutwi taratibu. Saa ya kuvuta ni saa ya mgongo na mikono, na aliyemaliza glikojeni yake huisikia. Mvuvi basi si wa upande mmoja. Kabla ya kutoka, mihogo au mkate kwa mbaazi za nazi ni chaguo jema kweli: wanga wa mihogo, mafuta ya tui, na mbaazi zinazoteremka polepole. Ndani ya chombo, karanga. Nusu ya uzito wake ni mafuta, gramu 100 zina kilokalori zaidi ya 550, wakati wali uliopikwa wa uzito huohuo una kama 130, na karanga haziharibiki usiku kucha. Ziandamane na tende za kutafuna kabla ya kuanza kuvuta.

Daku

Kufunga hapa pwani ni saa kumi na tatu na zaidi bila kula wala kunywa. Ubongo hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani gramu 5 hivi kila saa, na hauchomi asidi ndefu za mafuta kwa kiasi cha maana. Seli nyekundu za damu ndizo hazina hiari kabisa: hazina mitokondria hata moja, kwa hiyo zinaishi kwa glukosi peke yake. Wa kuzilisha ni ini, lenye glikojeni ya gramu 100 hivi likijaa. Kadiri mchana unavyosonga, misuli hupunguza kutumia glukosi na kuchoma mafuta zaidi, ini likaanza kutengeneza glukosi kwa kutumia lakteti, gliseroli (sehemu ya mafuta inayoshikilia asidi zake) na asidi amino. Asidi za mafuta zenyewe, zile tunazozizungumzia hapa, mwili hauwezi kuzigeuza kuwa glukosi.

Maana yake kwa mpishi ni kwamba daku ya chai ya sukari na maandazi ni chaguo dhaifu, hata kama ni wanga. Inapandisha sukari haraka na inashuka haraka. Daku ya nyama ya mafuta peke yake nayo inaacha ini bila kitu. Kinachofaa ni wanga unaoteremka taratibu, pamoja na protini na mafuta kiasi: maharage au mbaazi, mihogo au viazi, samaki, tui. Futari yetu ya kawaida, tende kwanza kisha uji, imepangika vizuri kwa ini lililomaliza akiba. Mwenye kisukari anayetumia dawa aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, maana kwake hesabu hizi zinabadilika kabisa, na kushuka kwa sukari kunaweza kumuua.

Mlo wa mafuta mengi sana una mahali pake hospitalini: tangu miaka ya 1920 umetumika kwa watoto wenye kifafa ambacho dawa zimekishindwa. Hutolewa chini ya usimamizi, na sababu zake si za uwanjani.

Ambavyo sahani yoyote haina budi kuwa navyo

Ukichagua vyema kati ya wanga na mafuta, mitokondria bado zinaweza kukwama. Piruveti haigeuki kuwa asetili bila vitamini B1, ambayo hupotea mchele unapokobolewa sana. Anayeishi kwa wali mweupe mtupu analeta glukosi mlangoni na kumnyima bawabu ufunguo. Maharage, mbaazi na karanga zinayo. NAD na FAD hujengwa kwa vitamini B3 na B2, ambazo samaki na mboga za majani zinazo. Na vimeng'enya vinavyopitisha elektroni vina madini ya chuma, kama ilivyo kwa himoglobini inayoleta oksijeni yenyewe. Msichana anayechoka kila siku, anayepumua kwa shida akipanda ngazi, apimwe damu kwanza kabla ya kubadilishiwa sahani.

La mwisho linawahusu moja kwa moja vijana walioambiwa waache wali ili wachome mafuta. Mwaka 1967, mwaka uleule wa baiskeli za Sweden, John Holloszy wa Marekani alionyesha kwamba panya waliofanyishwa mazoezi ya kukimbia waliongeza uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni karibu maradufu. Kwa binadamu pia mitokondria huongezeka kwa mazoezi. Msuli wenye mitokondria nyingi huchoma mafuta zaidi kwa kasi ileile, na glikojeni hubaki kwa ajili ya zile mbio za dakika ya themanini. Kinachotafutwa kwa kuukimbia wali kinapatikana hivyo, bila kupoteza kasi: baiskeli hadi Tongoni na kurudi, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza, mara kadhaa kwa wiki, na siku ya mechi sahani ya wali saa sita mchana.